Mrejesho: rili ya spuli ya kulala kwa uvuvi wa Mikindani

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Niliuliza rili gani ya spuli ya kulala (mashine ya mshipi ambayo spuli, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, huzunguka yenyewe ukirusha) ni imara na haiumizi mfuko, kwa kuvulia kolekole na changu Mikindani na Msangamkuu. Asanteni mno. Nimechukua Abu Garcia Ambassadeur 6500 iliyotumika, na nimeridhika.

Kilichoniamulia ni ushauri wa mzee mmoja wa hapa: nunua mashine unayoweza kuifungua mwenyewe. Hii skrubu za ubavuni nazifungua kwa vidole, breki zote naziona. Na breki ndiyo roho yake, hasa kusi likikupiga usoni: ukirusha, spuli ikizunguka haraka kuliko chubwi linavyovuta, mshipi unakorogeka wote. Kwa hiyo nakaza kitufe cha pembeni mpaka chubwi lishuke taratibu, na kidole gumba hakitoki kwenye spuli. Likigusa maji tu, naibana.

Nikirudi naisuuza kwa maji baridi ya polepole. Ya presha hapana, yanasukuma chumvi ndani. Kisha tone la mafuta kwenye beringi.

Wa Lindi, beringi za akiba mnapata wapi?