Akinfenwa hakufika Ligi Kuu: je, hakuwa mchezaji?

Kuna hoja inayorudi kila mpira unapozungumzwa hapa Mombasa: kwamba Adebayo Akinfenwa alikuwa kibonge wa kufurahisha watu mitandaoni tu, na mshambuliaji ambaye hakucheza hata dakika moja ya Ligi Kuu ya Uingereza hana la kuwafunza vijana wetu. Naikataa hoja hiyo. Karibuni tujadili.

Tazameni safari yenyewe. Kijana wa Islington, London, wazazi Wanigeria, mwaka 2001 anakwenda Lithuania kuchezea FK Atlantas, anatukanwa kwa rangi yake. Anarudi, anazunguka: Torquay, Swansea, Northampton, Gillingham. Mwili umepita kilo 100, anaambiwa ni mkubwa mno kwa mpira, na bado anafunga. Alimaliza na mabao zaidi ya 200. Januari 2015, akiwa AFC Wimbledon, aliifunga Liverpool, timu ya moyo wake, katika Kombe la FA, japo walilala 2-1. Mei 2016, fainali ya mchujo pale Wembley, akatia penalti dakika za majeruhi, Wimbledon ikaishinda Plymouth 2-0 na kupanda daraja. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, akawaambia makocha mbele ya kamera wamtafute kwa WhatsApp. Watu huicheka hiyo. Mimi namwona mtu anayeomba kazi. Wycombe wakampa, akadumu nao hadi 2022, alipostaafu na miaka 40.

Aliwezaje? Uingereza ina klabu 92 katika ligi nne za juu, zote zinalipa mishahara. Ligi ya tatu na ya nne zilimlisha. Hapa kwetu, ukiitoa klabu ya Bandari, namba tisa (mshambuliaji wa kati) wa Changamwe au Likoni anabaki na nini? Nauli, pengine na chai. Hajafika miaka 25 ameshauza viatu, anatafuta kibarua au visa ya Qatar. Na huu ndio mji wa klabu ya Feisal, mabingwa wa Kenya 1965!

Basi swali: pesa za michezo za kaunti zianzie wapi, kwenye viwanja au kwenye posho za wachezaji wa ligi za chini? Mimi nasema posho.

Kocha wa watoto, Tononoka:
Mwanangu, umempamba mno. Wycombe walipanda ligi ya pili 2020 kwa kuifunga Oxford 2-1, msimu uliofuata wakashuka. Kule juu kulimzidi. Ukimtajia mtoto mzito jina hilo, hakimbii tena mazoezini. Halafu posho bila uwanja ni kazi bure. Bandari walibeba kombe 2019, mechi za Afrika wakaenda kuzichezea Nairobi, kwa sababu Mombasa nzima haikuwa na uwanja wa kuzipokea. Jenga uwanja kwanza, wadhamini watakuja wenyewe.

Mleta mada:
Shikamoo kocha. La Bandari linaniuma hata mimi. Ila Wycombe hawakuwa wamewahi kufika ligi ya pili katika historia yao yote, na iliyoshuka ni timu nzima, si mtu mmoja.

Kuhusu mtoto mzito, kwetu anakatwa kabla hajaguswa na mpira. Akinfenwa alimpa beki mgongo, akautunza mpira, akangoja wenzake wapande, akagawa. Hiyo ni kazi inayofundishika. Hatuifundishi kwa sababu kila kocha anataka winga mwenye mbio, na watoto wenye miili tunawaweka golini au tunawarudisha nyumbani.

Na wadhamini, kocha: Bandari ina Mamlaka ya Bandari nyuma yake. Timu ya daraja la chini ya Mtongwe ina nani? Hata uwanja ukikamilika kesho, mchezaji wake ataingia na njaa ile ile. Napendekeza posho ya kila mechi itumwe kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mchezaji, isipitie mikononi mwa viongozi wa klabu. Anayepinga hilo atuambie sababu.