Picha za maji matulivu za Fitz Henry Lane: huu ni mtindo gani?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikiitazama nakala ya "Owl's Head, Penobscot Bay, Maine", picha ya rangi za mafuta aliyoichora Mmarekani Fitz Henry Lane mwaka 1862, ambayo sasa imehifadhiwa katika Museum of Fine Arts, Boston. Mtu mmoja amesimama ufukweni, ametupa mgongo, ameshika mti mrefu, na mbele yake maji yametulia tuli hadi kwenye merikebu iliyo mbali. Hakuna linalotukia, lakini picha hainiachii macho. Kwa kuwa nuru ndiyo iliyobeba kila kitu, je, ni sahihi kuihesabu miongoni mwa kazi za impreshonizimu, ule mtindo wa Kifaransa wa kunasa mwanga kwa mipako ya haraka ya brashi? Na utulivu huo unatokana na nini hasa?

Jibu la kwanza

Hapana, ndugu yangu, na ushahidi uko kwenye brashi. Claude Monet, mchoraji Mfaransa wa impreshonizimu, alipochora bandari ya Le Havre mwaka 1872, aliacha kila mpako uonekane, na mwanga wa jua majini ni mipako michache tu ya rangi ya chungwa. Lane aliilainisha rangi mpaka alama ya mkono wake ikapotea, hivyo anga yake hutoka kwenye manjano na waridi karibu na upeo wa macho ikapanda kwenye buluu, wala huoni rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Wanahistoria wa sanaa huuita mtindo huo luminizimu, na humweka Lane pamoja na Wamarekani wenzake wa karne ya 19, akina Martin Johnson Heade na John Frederick Kensett. Tazama pia mpangilio: mistari mikuu yote imelala, na vilivyosimama wima ni mtu yule na milingoti, basi.

Jibu la pili

Kuhusu brashi nakubali kabisa, ila jina hilo litumike kwa tahadhari. Lane alifariki mwaka 1865, na jina la luminizimu lilipata nguvu baadaye sana, kutokana na maandishi ya mwanahistoria wa sanaa John Baur ya mwaka 1954. Wachoraji hao hawakuwahi kuwa kundi lenye msimamo mmoja. Mimi ningeanzia kwenye kazi aliyofunzwa. Lane alizaliwa mwaka 1804 huko Gloucester, Massachusetts, mji wa wavuvi, akapoteza nguvu za miguu tangu utotoni, kisha akajifunza litografia, yaani uchapaji wa picha kwa jiwe, katika karakana ya Pendleton mjini Boston. Kuchora juu ya jiwe la kuchapishia kunadai mstari wa uhakika, na uhakika huo unauona katika kamba za merikebu zake, ambazo kila moja imefungwa mahali inapofanya kazi.

Jibu la tatu

Naongeza jambo moja ambalo naona ndilo kiini. Lane hakumalizia picha hizi ufukweni. Huko Maine alichora kwa penseli, wakati mwingine akiwa ndani ya mashua, akiunganisha karatasi mbili au zaidi ili mwambao mzima uenee, ndipo akarudi Gloucester kupaka rangi. Kwa hiyo maji yale matulivu ni uamuzi uliofanywa chumbani, baada ya upepo na mawimbi ya siku ile kuachwa nyuma. Michoro mingi ya penseli imehifadhiwa katika Cape Ann Museum, hapo hapo Gloucester. Ukipata nakala zake, linganisha uone alichokipunguza na alichokiacha.