Kunyanyua HiAce ya fowili inchi mbili: kukaza tosheni baa mpaka mwisho ni sawa?

njia_haijaisha:
Wakuu habari zenu. Nina HiAce ya fowili ya dizeli, mbele ina tosheni baa nyuma springi za bapa kama zilivyo nyingi. Ndani nimefunga kitanda, kabati na tangi la maji la lita 90, natembea nayo porini. Shida kila nikikuta njia ile yenye tuta katikati inasugua chini mpaka roho inauma. Nataka niinyanyue inchi mbili. Fundi mmoja kaniambia mbele hamna cha kununua, anakaza tu boliti za tosheni baa mpaka mwisho, nyuma anaweka tofali la chuma kati ya ekseli na springi, yubolti anarefusha zilezile kwa kuchomelea, nusu siku naondoka na gari. Imekuwa rahisi mno mpaka nimeogopa. Tairi ni 195/80R15. Naombeni mawazo.

grisi_mkononi:
Kuchomelea yubolti?? Mkuu kimbia hapo. Yubolti ndiyo imeshika ekseli yote ya nyuma, chuma chake kimeshapikwa kiwe kigumu, ukikichomelea pale kwenye joto kinakuwa kama biskuti. Ukibadilisha urefu unanunua mpya ndefu, na hata usipobadilisha urefu, ikishafunguliwa ya zamani usiirudishie maana imeshavutika.

Sasa mbele. Tosheni baa nayo ni springi tu, ila ni fimbo inayojinyonga badala ya kujikunja. Ile boliti ukiikaza huongezi nguvu ya fimbo hata kidogo, unachofanya ni kuhamisha mahali mkono wa chini unapoanzia. Gurudumu linataka nafasi mbili, ya kupanda likikuta jiwe na ya kushuka likikuta shimo, na ukikaza mpaka mwisho umeila yote ya kushuka. Yaani gari imesimama tu na mkono wa juu tayari umekaribia raba yake ya stopa, ukiingia shimoni gurudumu halina pa kwenda, unasikia ko! ko! mpaka kwenye usukani, halafu watu wanasema eti springi imekuwa ngumu. Springi ni ileile, imekosa tu pa kutembea.

Na ekseli fupi za mbele zinakaa kwenye pembe kali muda wote, buti za sivii jointi (viungo vinavyopeleka nguvu gurudumuni huku likikata kona) zinajikunja vibaya zinapasuka, mchanga unaingia, jointi imekwenda. Boljointi, yaani vile viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu kwenye mikono, vilevile. Mimi sivuki milimita 30 juu ya kipimo cha kiwandani, na hapo nahakikisha gurudumu bado linaning'inia vizuri gari ikiwa kwenye jeki.

tairi_kipara:
Mnamtisha bure. Mi zangu nilikaza mwaka wa tatu huu haijafa kitu, nilifanya alaimenti nikaendelea na maisha.

grisi_mkononi:
Ulipandisha kiasi gani?

tairi_kipara:
Sentimita mbili na nusu hivi

grisi_mkononi:
Haya, si ndiyo hichohicho nilichosema 😂 na alaimenti ulifanya, wengi hawafanyi. Ukipandisha mbele, to (magurudumu kuelekea ndani au nje) na kemba (gurudumu kulalia upande) zote zinahama, tairi inaliwa upande mmoja miezi miwili tu imekwisha.

mama_kambi:
Kaka kabla hujanunua chochote hebu tujibu swali moja, unasema inasugua chini, chini wapi? Nauliza kwa sababu gari yako nyuma ina ekseli nzima ya kulala, difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imo humohumo. Ukiweka springi ndefu, tofali, sijui sheko (kile kishikio kinachobembea mwisho wa springi), bodi inapanda lakini difu inabaki palepale ilipokuwa, maana difu imebebwa na tairi haijabebwa na springi. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa peke yake. 195/80R15 ina kipenyo cha kama milimita 693, ukienda 235/75R15 unapata kama 733, kwa hiyo difu inapanda nusu ya hiyo tofauti, milimita 20. Ndogo lakini ni ya kweli. Spidi mita nayo itadanganya, ikisema 100 wewe uko kama 106. Na jaribu kwanza kukata usukani mpaka mwisho kote kuwili uone kama haigusi madigadi.

Ingia chini na tochi, angalia mikwaruzo iko kwenye nini.

njia_haijaisha:
Dada nimetoka chini sasa hivi nina matope mpaka masikioni. Mikwaruzo mingi iko kwenye bakuli la difu ya nyuma, halafu mingine kwenye bomba la eksozi upande wa kulia. Tangi la mafuta halina hata alama. Kumbe nilikuwa naenda kulipia kitu kingine kabisa.

mama_kambi:
Umeona eeh. Sasa chukua futi upime kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari iwe kwenye tambarare na tangi la maji limejaa. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

njia_haijaisha:
Mbele kushoto na kulia sawasawa. Nyuma kulia iko chini milimita 35 kuliko kushoto!! Na tangi la maji liko kulia, kabati lenye betri ya pili nalo kulia. Aibu yangu.

mama_kambi:
Usione aibu, sote tumejenga hivyo mara ya kwanza. Lita 90 ni kilo 90 za maji peke yake, siku zote, upande mmoja. Hizo springi za kulia zimechoka. Ukiweka tofali juu ya springi iliyochoka utapata gari ndefu iliyopinda. Hamishia betri kushoto, halafu funga seti mpya ya springi za nyuma, kushoto na kulia kwa pamoja, zilizopindwa juu kidogo na kutengenezwa kwa uzito unaobeba sasa, hapo utapata inchi yako na zaidi bila tofali. Kuna watakaokwambia uongeze bapa moja tu kwenye zile za zamani, inapanda ndiyo, ila ukisafiri bila mzigo utaruka kama chura. Na wakikuuzia sheko ndefu jua kwamba ukiirefusha milimita 50 gari inapanda 25 tu, na pua ya difu inageuka, propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inaanza kutetemeka.

grisi_mkononi:
Naongezea. Shokapu lazima zilingane na urefu mpya, ukiacha za zamani fupi ndizo zitakazokuwa zinazuia ekseli isishuke, zinang'oka kwenye mishikio. Mpira wa breki wa nyuma nao, nyanyua bodi kwa jeki ekseli ining'inie uone kama umekaza. Angalia pia kama kuna kile kifimbo kinachounganisha ekseli na valvu ya kugawa breki kulingana na mzigo, ukipandisha bodi bila kukirekebisha valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma. Hiki mafundi wengi hawakigusi kabisa.

Bushi za raba usizikaze gari ikiwa kwenye jeki, ishushe kwanza ikae kwa uzito wake ndipo ukaze, la sivyo raba inabaki imejinyonga inachanika. Yubolti rudia kukaza baada ya kilomita mia tano hivi.

tairi_kipara:
Ukifunga zile tairi kubwa eksozi bado itagusa, hiyo ya kulia muambie fundi aibananishe juu tu

njia_haijaisha:
Poa wakuu. Nimeamua hivi, springi mpya nyuma na shokapu, betri inahamia kushoto, mbele napandisha milimita 25 baada ya nyuma kukaa ili nisije nikakisia, halafu alaimenti. Tairi zinasubiri hizi ziishe. Swali dogo, boliti za tosheni baa zimeshika kutu vibaya, nipige moto?

grisi_mkononi:
Usipige moto karibu na tosheni baa hata siku moja! Brashi ya waya kwenye nyuzi, mafuta ya kulegeza kutu, acha ilale usiku kucha. Weka alama ya rangi na upime boliti imetokeza kiasi gani kabla hujagusa, nyanyua gari magurudumu yaning'inie na uweke stendi chini ya chesesi, ndiyo ukaze, zungusha pande zote mbili idadi sawa. Ikigoma usilazimishe, nyuzi zikiliwa hapo utalia. Na ukimaliza elekeza taa upya, pua ikipanda taa zinawapofusha wanaokuja.

njia_haijaisha:
Nimeshazimwagia mafuta. Kesho asubuhi naingia tena chini.