Naomba ushauri: kongwa chini ya mwembe, Mwanza

Wakuu, nataka kongwa (mmea unaotambaa, Commelina benghalensis) ifunike ardhi chini ya mwembe, huku Ilemela, udongo wa kichanga kati ya mawe. Nimepanda vipande vya shina vya sm 15, vifundo (maungio ya shina yanayotoa mizizi) viwili ardhini, nafasi sm 20, na samadi iliyooza ndoo moja kwa kila mita 1 ya mraba. Pembezoni vimeshika. Karibu na shina la mwembe vinanyauka siku ya pili tu baada ya kumwagilia, maana mizizi ya mwembe inawahi maji. Kuikata sitaki, wala kuirundikia udongo, itakosa hewa.

Je, nioteshe kwanza kwenye viriba, au nisubiri mvua za vuli? Na majani makavu niyaache kama matandazo, au yataozesha vifundo? (Najua shambani kongwa ni balaa, hutoa mbegu hadi chini ya udongo. Hapa imezungukwa na mawe.)