Kombora la waya la Malyutka: waya ulikuwa na kazi gani?

Mdadisi: Ndugu zangu, nimesoma kwamba katika vita vya Oktoba 1973 kule Sinai, askari wa miguu wa Misri walibeba makombora ya Kisovieti ya Malyutka ndani ya masanduku, wakapiga vifaru vya Israeli. Waya ule mwembamba ulisaidia nini?

Mchambuzi: Ndugu Mdadisi, waya ulijikunjua nyuma ya kombora na kupitisha amri za umeme kutoka kwenye usukani mdogo wa mpigaji, ambaye alilazimika kuliangalia kombora na shabaha kwa pamoja mpaka ligonge. Kufika mita 3,000 kulichukua takribani sekunde 25, muda mrefu mno kwa mtu anayemiminiwa risasi.

Askari Mstaafu: Hapo ndipo wenye vifaru walipopata mwanya: walimfyatulia mpigaji huku wakisogeza kifaru, na mkono ukitetemeka kidogo tu, kombora huishia mchangani.

Mdadisi: Nashukuru. Na TOW, kombora la Marekani la kupiga vifaru, je?

Mchambuzi: Nayo ilianza kwa waya, ila mpigaji hushikilia alama ya darubini juu ya shabaha tu, na mtambo hurekebisha njia wenyewe. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililompunguzia askari mzigo.