Tupeane uzoefu: Uliitazama na nani Nowhere in Africa, filamu ya wakimbizi wa Kiyahudi Kenya, na ilikugusa wapi?

MamaWaNjoro (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Nimesoma maoni mengi ya watazamaji kuhusu Nowhere in Africa, kwa Kijerumani Nirgendwo in Afrika, na karibu yote yameandikwa na watu wa mbali. Wanasifu mandhari, wanamsifu Juliane Köhler aliyeigiza Jettel, wanabishana kama ndoa ile ilistahili kuokolewa. Owuor wanampa mstari mmoja: mpishi mwaminifu. Basi. Sisi tunaosikia Kiswahili chake bila kusoma tafsiri chini ya kioo, sisi ambao babu zetu walivaa kanzu kama ile, tuna mengi ya kusema. Naomba tuyakusanye hapa.

Kwa ambaye hajaiona: Walter Redlich ni wakili Myahudi aliyenyimwa kazi yake na Wanazi. Anatangulia Kenya na kusimamia shamba la mlowezi huko Rongai. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Wazee wao wanabaki Ujerumani. Filamu ilitoka 2001, mwongozaji ni Caroline Link, na mwaka 2003 ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikutoka kwenye studio kubwa za Hollywood, ni kazi ya Wajerumani, na waliipigia hapa hapa Kenya. Imetokana na kitabu cha Stefanie Zweig, aliyekulia huku akiwa mtoto mkimbizi. Owuor aliigizwa na Mkenya mwenzetu, marehemu Sidede Onyulo.

Naanza mimi. Niliitazama na mama yangu, ambaye baba yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya mlowezi. Mnakumbuka pale Walter anapougua malaria, Owuor anamuuguza, kisha Walter anampa joho lake jeusi la uwakili? Mama aliniambia nisimamishe hapo. Akaniambia babu naye alipewa koti. Koti zito la sufu, vifungo vya shaba, alilivaa kanisani hata jua likiwa kali, na nyumba nzima ilinuka dawa ya nondo kwa sababu yake. Shamba lilipouzwa, bwana alifunga mizigo akaenda zake, na babu hakupata hata mshahara wa mwezi ule. Koti ndilo lililokuwa kiinua mgongo chake.

Mama hakumchukia Walter. Alisema yule angalau alitoa kitu alichokuwa anakipenda, kwa sababu joho lile ndilo maisha aliyonyang'anywa. Lakini tangu siku hiyo kila nikiona watu wanasifia "zawadi ya joho" nauliza na mshahara wa Owuor ulikuwa kiasi gani.

Karibuni. Ulitazama na nani, wapi, na nini kilikushika?

JaAlego

Mama wa Njoro, asante kwa kufungua mlango huu.

Babu yangu naye alikuwa mpishi. Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, kofia. Alioka mkate kwenye debe, mkaa chini na mkaa juu, na kujua kama moto umefika alirusha chembe za unga kwenye bati, akatazama zinageukaje rangi. Hadi uzeeni alitufundisha hivyo hivyo, na mkate ulitoka laini kuliko wa dukani.

Ndiyo maana Owuor anapomwambia Jettel kwamba yeye ni mpishi, na wapishi hawachimbi ardhi, nilisimama sebuleni nikapiga makofi. Watu wengine wameliona tukio lile kama kichekesho. Mimi nilimwona fundi anayelinda cheo chake. Kwenye nyumba zile mpishi alikuwa na ngazi yake, mtu wa shamba ana yake, na ukikubali kushushwa mara moja hupandi tena.

Jambo moja filamu imelipita haraka. Familia inahama kutoka Rongai hadi Ol Joro Orok, halafu Owuor anatokea, amewafuata. Mtazamaji wa Ulaya anaona mapenzi tu. Mapenzi yapo, sikatai. Lakini wakati ule kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kwenye kijisanduku cha bati alichokining'iniza shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika humo kwamba umeondoka kwa ruhusa. Ukikutwa njiani kipande hakijakaa sawa, ni kosa la kukufikisha kortini. Nilipojua hilo, safari ya Owuor iliniingia kwa uzito mwingine kabisa.

BintiPwani_Frankfurt

Nawasalimu kutoka Frankfurt. Mimi ni mhudumu wa wazee, na filamu hii niliiona kazini, kwenye ukumbi wa kituo, mimi Mswahili peke yangu katikati ya bibi na babu wa Kijerumani.

Kila Regina na Owuor walipozungumza, nilicheka kabla ya wenzangu, kwa sababu wao walisubiri maandishi. Wazee wakaanza kunitazama mimi badala ya kioo. Mwisho kabisa, pale treni inaposimama, mama mmoja anamtolea Jettel ndizi dirishani, naye anajibu kwamba hana pesa, maskini kama nyani, yule mama anacheka na kumpa ndizi bure, nilicheka na kulia papo hapo. Jettel aliyeshuka Kenya akitaka Owuor ajifunze Kijerumani, sasa anataniana na yule mama wa ndizi kwa lugha ya nchi.

Ila kilichonikaa ni bibi mmoja mzaliwa wa Breslau, mji wa kina Jettel, ambao leo ni Wrocław ya Poland. Familia yake ilifukuzwa huko vita vilipoisha, yeye akiwa mtoto. Alipenda kutusimulia nyumba yao, ngazi zao, mti wa matofaa uani. Siku ile mji ulipoonekana mwanzoni, na theluji yake, alianza kulia. Nikadhani ni nyumba. Filamu ilipokwisha akauliza, kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima: "Majirani zetu wa ghorofa ya chini walikwenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Nilimsukuma kwenye kiti chake hadi chumbani, akanishika mkono njia nzima. Miaka yote aliyosimulia nyumba ile hakuwahi kuwataja majirani.

Mzee_wa_Kijiweni

Samahanini, mimi ilinichosha. Dakika 141 na ugomvi wa mume na mke umekula nusu. Nzige walipofika ndipo nilipoamka. Nasema ukweli wangu.

Mwana_Uvira

Wandugu, shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kivu ya Kusini. Tulivuka ziwa usiku kwa boti hadi Kigoma, nikakulia kambi ya Nyarugusu. Sasa niko Kentucky. Niliitazama na mke wangu na mama yangu mzazi.

Mnajua Walter alimwandikia mkewe alete sanduku la barafu la kuhifadhia chakula. Jettel akafika na vyombo vya kaure na gauni la jioni. Watazamaji wengi wamemlaumu: mwanamke gani huyu, anakimbia kifo na gauni? Mke wangu naye alianza kumcheka. Mama akasema, "Mwache."

Siku tuliyokimbia, baba alimwambia mama abebe sufuria kubwa na chumvi. Mama akabeba kikwembe chake cha harusi, kizito, cha rangi ya bluu na samaki wa njano. Sufuria ikabaki. Baba alikasirika tangu ufukweni hadi kambini, na wiki za kwanza tulipika kwenye kopo la mafuta la msaada. Halafu ikafika siku ya kuandikishwa. Mama akanawa, akakifunga kile kikwembe, akasimama kwenye foleni ya vumbi. Alitaka anayeandika majina amwone mke wa mwalimu, mtu aliyekuwa na nyumba na majirani. Kikwembe kipo hadi leo, kiko chumbani kwake, samaki wamefifia.

Kwa hiyo gauni la Jettel mimi nalielewa. Mtu hafungi mizigo kwa ajili ya mahali asipopajua. Anafungia yale maisha anayotegemea kuyarudia.

La pili ni barua. Vita vilipoanza, watu waliotengana waliweza kutumiana ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu, maneno 25 tu. Kwenye filamu familia inapata habari kwamba wazee wanapelekwa Poland, na Walter anajua hiyo maana yake nini. Hapo mama aliondoka sebuleni. Sisi kambini tulijaza fomu hizo hizo za Msalaba Mwekundu kumtafuta kaka yake mama. Na redio, ile Gahuza Miryango ya BBC iliyoanzishwa 1994 kwa ajili ya watu waliopotezana, jirani zetu Wanyarwanda na Warundi waliisikiliza wakiwa kimya, mtu asikohoe, jina lisije likapita. Majibu ya mjomba hayakuja mpaka leo.

Wazungu wanaoandika kwamba filamu ina utulivu kupita kiasi, kwamba haionyeshi kambi za mauaji, nawaambia hivyo ndivyo mkimbizi anavyoijua vita. Uko mbali, jua linawaka, mahindi yanaota, na barua ndiyo inayokuja au haiji.

Dada_wa_Parklands

Kaka wa Uvira, pole sana. Mpe mama salamu zetu.

Mimi nachangia la Nairobi. Mwaka 1939 Uingereza ilipoingia vitani, serikali ya koloni iliwakamata Wajerumani wote kama maadui, Wayahudi wakiwemo. Watu waliomkimbia Hitler wakafungiwa kama watu wa Hitler! Serikali haikuwa na mahali pa kuweka wanawake na watoto, ikawaweka hotelini, na ndiyo yale matukio ya Norfolk, akina mama wakila kwenye vyombo vya fedha huku waume zao wakiwa kambini.

Napita Norfolk kila siku. Sinagogi la Nairobi haliko mbali, na jumuiya yake ipo tangu 1904. Na jirani na hoteli hiyo hiyo, mwaka 1922, askari walipiga risasi umati uliokuja kudai Harry Thuku, mpigania haki za Waafrika, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Inasimuliwa kwamba walowezi nao walifyatua wakiwa barazani. Nilipomwona Jettel anakula kwenye ukumbi ule nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkumbuka Nyanjiru. Yote mawili yamekaa kifuani mwangu, na sioni haja ya kuchagua.

Kijana_OlKalou

Mimi nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe wakubwa.

Nyumbani ni karibu na Ol Joro Orok. Filamu inaonyesha milima yetu kama mahali patupu panaposubiri watu wenye majonzi. Ardhi ile ilitengwa kisheria kwa Wazungu. Babu zangu waliishi humo kama maskwota, wakimfanyia mlowezi kazi ili wapate kipande cha kulima na kuchunga mbuzi, na miaka ya mwisho ya filamu ndiyo walipokuwa wakinyang'anywa mifugo. Redlich wanaondoka 1947. Miaka mitano baadaye ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Hakuna hata mtu mmoja kwenye filamu anayenong'ona juu ya ardhi. Vibarua wapo, wanavuna, wanafukuza nzige, wanacheza ngoma usiku. Wana hasira gani, wanadai nini? Hatuambiwi.

Na Owuor ana wake na watoto wanaotajwa tu. Tumemjua mbwa wa familia kwa jina, Rummler, lakini watoto wa Owuor hatuwajui.

Mwalimu_Meru_Arusha

Kijana wa Ol Kalou, umesema la maana. Mimi nafundisha historia. Shule yetu iko upande wa Tengeru, ambako kuanzia 1942 Waingereza waliwaweka wakimbizi wa Kipolandi, maelfu kwa maelfu, wengi wanawake na watoto waliopitia Siberia na Uajemi. Makaburi yao yapo, yanatunzwa hadi leo. Huwa nawapeleka wanafunzi pale, na jioni tunaangalia filamu hii.

Tukio wanalolijadili zaidi ni la shule ya bweni ya Kiingereza, pale watoto wa Kiyahudi wanapoambiwa wasogee pembeni wakati wenzao wanasali. Mwaka jana binti mmoja Mwislamu aliyesoma shule ya misheni alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nimesimama hapo." Darasa likageuka. Hakuhitaji maelezo yangu.

MamaWaNjoro

Nimewasoma wote. Mwana wa Uvira, nilimsomea mama ya kikwembe, amesema mwambie mama yako alifanya vyema.

Kijana wa Ol Kalou, kuhusu ardhi niko nawe moja kwa moja, na watoto wa Owuor pia. Lakini kuna mahali nakataa. Ulivyoandika ni kama filamu nzima hakuna anayemwambia Mzungu ukweli. Yupo Walter, anayemwambia mkewe kwamba anavyomtendea Owuor ni kama wanavyotendewa wao Ujerumani. Mwaka 1938, kwenye shamba la Rongai, maneno hayo ni makubwa, na Jettel anachukua filamu nzima kuyaelewa. Akishaelewa, ni yeye anayetaka kubaki Kenya, na mumewe ndiye anayetaka kurudi Ujerumani kuwa jaji.

Kijana_OlKalou

Sawa mama, hilo nakubali. Lakini anayetaka kubaki ana shamba la kusimamia. Owuor naye angetaka kubaki na nini? Anaondoka alfajiri na mbwa, na joho. Nyanya yangu, mwenye miaka zaidi ya tisini, amesema nimletee filamu aione mwenyewe, maana vibarua wa mashamba yale anawajua kwa majina. Nikishamwonyesha nitarudi hapa kuandika atakayosema.