Naomba ushauri: Penta (chanjo ya watoto ya magonjwa matano) zimepigwa na baridi kali, nizitumie?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muuguzi wa zahanati, friji ya chanjo iko mikononi mwangu. Leo asubuhi kipimajoto kimesoma nyuzi -2 badala ya 2 hadi 8, na vichupa vya Penta vilivyoegemea ukuta wa nyuma vina barafu kwa nje. Aluminiamu iliyomo ikiganda hushikana mabonge, na chanjo hairudishi nguvu hata ikiyeyuka. Ya surua haina shida hiyo.

Nimegandisha makusudi kichupa kimoja cha toleo hilohilo, nikiyeyushe, nikitikise pamoja na vyenye shaka; vikituama haraka kama hicho, navyo vimeharibika. Wenye uzoefu, nipime vya nyuma tu au na vya mbele? Jumanne ni kliniki ya watoto, siwezi kumchoma mtoto sindano isiyomkinga.